Mafundo Kumi na Moja na Nusu

Meza ya Bi Mafundo ilikuwa ya kwanza ukiingia, chini ya dirisha, katika ofisi ya tiketi za ndege iliyobanwa kati ya duka la miwani na duka la viatu. Alikaa hapo miaka ishirini na sita. Kiti kilibadilishwa mara nne, kompyuta mara tano, mwenye ofisi mara mbili, yeye hakubadilishwa. Jina lake la Bi Mafundo halikuwa la kinyongo. Lilitokana na uzi.

Mezani kwake palikuwa na tufe la plastiki, kubwa kama kichwa cha mtoto wa miaka saba, lenye kibonyeo katikati ya bahari tangu siku lilipoangushwa watu wakihamisha kabati. Kando ya tufe ulilala uzi mweupe wa cherehani, uliosokotwa mara tatu ukawa imara, wenye mafundo kila baada ya sentimita mbili. Fundo moja lilikuwa saa moja ya ndege angani, kama kilomita mia nane hivi. Mteja akiuliza mji fulani uko mbali kiasi gani, Bi Mafundo hakuigusa kompyuta. Aliweka kidole kwenye uwanja wa kuondokea, akauvuta uzi juu ya nchi na bahari mpaka uwanja wa kufikia, kisha akahesabu kimyakimya, midomo ikicheza.

Alianza mwaka wake wa pili kazini. Mama mmoja alikuja kumkatia mwanawe tiketi ya masomo, akaambiwa ni kilomita elfu saba na mia mbili. Yule mama alilia. Hakulia kwa ajili ya umbali. Alilia kwa sababu elfu saba na mia mbili hazikumwambia kitu. Zingeweza kuwa elfu sabini. Bi Mafundo, wakati huo msichana aliyetoka chuoni juzi, alichomoa uzi kwenye mkoba, uzi wa mama yake fundi cherehani, akaufunga mafundo palepale na kumwekea tufe mbele. "Hesabu, mama." Mama akahesabu mpaka tisa, akafuta macho, akasema, "Kumbe ni siku moja ya kazi." Tangu hapo uzi haukuondoka mezani.

Wateja waliouelewa zaidi ni wale ambao hawakuwa na safari. Walikuwa wengi. Walikuja kuuliza tu, kama mtu anavyopita kusalimia. Mmoja wao alikuwa mzee mchonga mihuri, ambaye kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Karibu kiti, mzee wangu."

"Starehe, mwanangu. Sina safari. Nina swali." Akataja mji aliko mwanawe. "Ni mbali kiasi gani?"

Bi Mafundo akavuta uzi. "Mafundo tisa, mzee."

"Mafundo tisa ndiyo nini?"

"Masaa tisa hewani. Ukipanda baada ya chai ya asubuhi, jioni umefika."

"Tisa tu?"

"Tisa tu."

Mzee akalitazama tufe. "Sasa mbona haji?"

Bi Mafundo hakuwa na uzi wa kupimia hilo.

Mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Alijua kila njia, kila uwanja wenye ukungu wa asubuhi, kila mji ambao mizigo hupotea, lakini miguu yake haikuwahi kukanyaga ngazi ya ndege. Mama yake alikuwa mjane, mguu wa mama ulikuwa mbovu, na mtu mmoja ilibidi abaki. Meza ya pili ilikuwa ya Bwana Mizigo, mshughulikiaji wa mizigo ya wateja, ambaye kabla ya kuja ofisini alipakia masanduku katika matumbo ya ndege kwa miaka kumi na minne mpaka mgongo wake ukakataa. Yeye alimtania kila wiki.

"Dada, wewe ni mpishi asiyeonja."

"Mganga hajigangi, Bwana Mizigo."

"Sawa, lakini mganga si huwa anaumwa hata mara moja?"

Nyumbani kwao walikuwa wawili, yeye na mama. Vyumba viwili na sebule ndogo, cherehani karibu na dirisha, shepu za karatasi za kukatia nguo zimening'inizwa ukutani kwa misumari, mabega na mikono na viuno vya watu wa mtaa mzima. Mama alikuwa na miaka sabini na mitatu. Bado alishona, ingawa kutunga uzi kwenye sindano sasa kulimchukua majaribio matatu au manne, na alikuwa mkali mtu akijitolea kumsaidia.

Mtu wa tatu wa familia alikuwa kwenye picha juu ya kabati. Huyo ni mdogo wake Bi Mafundo, kitinda mimba, nao walimwita hivyo hivyo, Kitinda. Alikuwa fundi wa lifti katika mji ulio mafundo kumi na moja na nusu, kilomita elfu tisa na mia mbili. Alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, akakaa kumi na saba. Hakuwatupa. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa mezani kwa watu ambao hawajui sura yake, na sheria ya huko ilisema akitoka kabla hayajakamilika, asirudi. Alikuwa na mke huko, na binti wa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka waliambiwa wasubiri kidogo. Ndivyo dunia ilivyopangwa: mwenye pasi nzuri huhesabu saa, asiye nayo huhesabu miaka, na anga iliyo juu yao ni moja.

"Anawapandisha na kuwashusha watu kutwa," mama alikuwa akisema, "na mwenyewe haendi popote."

Mwaka ule mama alikata shauri. Aliomba kibali cha kwenda kumtembelea mwanawe, na binti yake akaomba pamoja naye, ili amsindikize. Majibu yalikuja siku moja katika bahasha mbili. Ya mama ilikuwa na kibali: miezi mitatu, lakini ni lazima aingie kabla ya mwisho wa mwezi. Ya Bi Mafundo ilikuwa na mstari mmoja. Mwombaji hakuthibitisha kwamba atarudi. Hana mume, hana mtoto, hana nyumba kwa jina lake. Miaka ishirini na sita kwenye meza moja haikuwa na kisanduku chake katika fomu.

"Nakwenda peke yangu," mama akasema.

"Mama, na mguu?"

"Nakwenda nao."

Mguu haukuwa jambo la mzaha. Miaka miwili nyuma damu ilimganda mama ndani ya mguu wa kushoto, akalazwa wiki tatu, na shirika la ndege lisingempandisha bila barua ya daktari. Daktari wake alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kalamu nne mfukoni na hamu ya kwenda kwa mgonjwa anayefuata. Alisikiliza, akaubonyeza mguu, akaangalia alama ya kidole ikirudi polepole.

"Safari ni ya muda gani?"

"Kumi na moja na nusu, moja kwa moja," akasema Bi Mafundo.

"Haiwezekani."

"Nikiikata vipande?"

Daktari akafikiri. "Tatizo ni kukaa. Wazee wakishafungwa mkanda hawainuki. Wanaona haya kumsumbua jirani. Wanabana hata haja. Nimewapokea hapa wakitoka uwanjani moja kwa moja." Akaandika kitu, akakikata. "Kipande kimoja kisizidi masaa sita. Katikati apumzike na alale. Avae soksi za kubana. Niletee karatasi inayoonyesha hivyo, nitatia sahihi."

Bi Mafundo alirudi ofisini akiwa na kazi ambayo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote kwa moyo namna ile. Siku tatu hakutoka kula. Alilizungusha tufe mpaka kijiti chake kikalia. Njia zilikuwepo, lakini ndege huenda moja kwa moja kati ya miji ya wenye nazo. Ya wengine huzungushwa kama mbuzi kwenye kamba. Njia mbili nzuri zilipita katika nchi zinazomdai kibali hata mtu anayekaa benchi uwanjani akisubiri ndege nyingine, na kibali hicho kilikuwa na foleni ya siku arobaini. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na tisa mbele.

Ilibaki njia moja, ya vipande vitatu. Cha kwanza mafundo manne na theluthi mbili, kisha kulala katika hoteli ya uwanjani. Cha pili mafundo matano na nusu. Cha tatu mafundo matatu na nusu. Jumla kilomita elfu kumi na mia tisa, yaani mama angezunguka kilomita elfu moja na mia saba zaidi kwa sababu ya mguu na kwa sababu ya mihuri. Bi Mafundo aliridhika. Ilikuwa kazi safi.

Isipokuwa kwamba ratiba ya shirika, ile iliyochapwa, haikusema matano na nusu kwa kipande cha pili. Ilisema saa sita na dakika ishirini.

Hilo halikumshangaza. Kila ratiba huzidi uzi. Miaka yote hiyo alikuwa amewaeleza wateja kwamba mashirika hujitilia chumvi: huandika muda mrefu ili ndege ikifika wasemwe wamewahi. "Usiogope hiyo namba," aliwaambia. "Fuata uzi. Uzi hauna biashara." Na wateja walifarijika, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa mtoto wake yuko mbali zaidi.

Basi akachapa karatasi ya daktari kwa mistari mitatu. Kwenye mstari wa pili aliandika: saa tano na nusu. Vidole vilisita kidogo juu ya herufi, kisha vikaendelea. Hakujiona mwongo. Aliandika alichoamini tangu ujana wake. Daktari akaisoma, akachomoa kalamu ya tatu kati ya zile nne, akatia sahihi.

Mama aliondoka Jumatano asubuhi, na sanduku moja, na soksi za kubana zilizomchukua nusu saa kuzivaa, na ndani ya mkoba karatasi ya binti yake pamoja na tiketi iliyochapwa. Kwenye geti la wasafiri aligeuka.

"Kile kitenge cha mwalimu kiko tayari. Kimebaki vifungo."

"Nitavishona, mama."

"Usivishone. Utavibana. Asubiri nirudi."

Akaingia. Kipande cha kwanza kilikwenda salama. Mtu wa hoteli alimpigia simu Kitinda, Kitinda akampigia dada yake.

Alhamisi Bi Mafundo alifika ofisini mapema. Ndege ya kipande cha pili ilikuwa ya saa mbili asubuhi, kwa saa za nyumbani. Saa mbili na dakika moja kompyuta ikaonyesha kwamba mlango umefungwa.

"Wamefunga mlango," akamwambia Bwana Mizigo. "Saa saba na nusu anashuka."

Bwana Mizigo alikuwa akikaza kamba kwenye boksi la mteja. "Saa saba na nusu kwa hesabu gani?"

"Mafundo matano na nusu."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia uwanjani. Wapi tena?"

Bwana Mizigo akaiacha kamba. "Dada, uwanja ni mkubwa. Umeanzia sehemu gani ya uwanja?"

"Unataka kuniambia nini?"

"Nataka kukuambia mlango ukifungwa, ndege haijaenda popote. Mimi nilikuwa chini pale, najua. Wanafunga, wanangoja gari la kuisukuma. Inasukumwa, inatambaa. Mbele kuna nyingine nne, zinapanga foleni kama watu wa bombani. Siku nzuri, nusu saa. Siku ya ukungu, sisi tulikuwa tunamaliza kula, tunalala usingizi, tunaamka, bado ipo pale pale na watu wake ndani wamefungwa mikanda."

"Ratiba inajua hayo?"

"Ratiba ndiyo inayohesabu mlango kwa mlango, dada. Ulidhani ile ya ziada ni ya nini?"

"Kujitilia chumvi," akasema Bi Mafundo, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Chumvi gani! Ile ni ya muda wa ardhini. Uzi wako hauna mlango. Unaanzia hewani na unaishia hewani."

Bi Mafundo akageukia kompyuta. Saa mbili na nusu: mlango umefungwa. Saa tatu: mlango umefungwa. Saa tatu na nusu alitafuta hali ya hewa ya mji ule aliolala mama na kuona neno ambalo alilijua kabla hajalisoma. Ukungu. Yeye mwenyewe aliwaonya wateja kuhusu ukungu wa uwanja ule, akiwaambia ndege "itachelewa kidogo", na katika akili yake ndege iliyochelewa ilikuwa namba inayosogea kwenye skrini. Haikuwa na kiti. Hakukuwa na mtu ndani yake, magoti yakiwa yamebanwa, mguu wa kushoto ukining'inia.

Wateja wawili walikuja, akawakatia tiketi bila kosa. Alitaja tarehe, akataja uzito wa mizigo, akawatakia safari njema. Bwana Mizigo hakumtania tena. Alimletea chai, akaiweka kando ya tufe, akarudi kwenye kamba zake.

Ndege iliruka saa nne na robo. Alihesabu kwa vidole, hakuugusa uzi. Itatua saa kumi kasorobo. Mlango utafunguliwa saa kumi na kitu. Kuanzia kukaa mpaka kuinuka, zaidi ya saa nane. Alijua sasa alichokifanya: hakumdanganya daktari kwa maneno yake, alimdanganya kwa ujinga wake, na ujinga wa bingwa ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayeuhoji. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapakuwa na mtu wa kumpigia. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, na hata ingewaka, angemwambia nini? Inuka?

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi Kitinda akapiga.

"Ameshuka, dada."

"Amesimama mwenyewe?"

"Sijui. Ameazima simu ya mtu, ameongea nusu dakika. Amesema anakimbilia ndege ya tatu."

"Anakimbilia?"

"Ndivyo alivyosema. Na amesema nikwambie, ataongea na wewe akifika kwangu. Alisema hivi, 'Mwambie huyo bingwa wa mafundo nina maneno naye.'"

Ijumaa asubuhi, Bi Mafundo akiwa anafungua mapazia ya ofisi, simu ililia.

"Mama! Mguu?"

"Mguu upo. Umevimba kwenye kifundo. Kitinda kanipeleka kwa daktari wao jana ileile, kauchungulia kwa mashine, kasema hakuna damu iliyoganda. Sasa nimelazwa kama malkia, mguu juu ya mito miwili. Acha mguu. Nauliza, wewe umejifunza kukata wapi?"

"Kukata nini, mama?"

"Nguo. Umekaa na mimi miaka hamsini. Umewahi kuniona nakata kitambaa sawasawa na mwili wa mtu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Unaacha ya mshono."

"Naacha kiasi gani?"

Bi Mafundo akautazama uzi uliolala kando ya tufe. "Sentimita mbili."

"Sasa tiketi imeandikwa saa sita na dakika ishirini. Karatasi yako imeandikwa saa tano na nusu. Hata macho yangu haya yanayoshindwa na sindano yameona. Huyu, nikasema, amekata bila kuacha mshono."

"Uliona lini?"

"Siku ile ile uliponiletea. Usiku nilivaa miwani nikasoma zote mbili."

"Mama, mbona hukuniambia?"

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mtoto wa kike akiuliza kitu, na mama akamjibu kwa upole, kisha akarudi. "Ningekuambia ungeichana. Nakujua. Daktari asingetia sahihi. Kibali kingekufa kwenye droo. Na mimi nilitaka kumwona mwanangu nikiwa bado natunga uzi kwa mkono wangu. Kwa hiyo tusisingiziane. Tulikata wote wawili."

"Lakini masaa nane, mama. Umekaaje?"

"Nani amekaa? Nimekwenda msalani mara kumi na moja. Sikuwa na haja hata moja. Palipokuwa na ukungu tumesimama, mimi nikasimama. Jirani yangu alikuwa bwana mmoja mnene mwenye tai. Mara ya kwanza aliinuka akitabasamu. Mara ya nne hakutabasamu. Mara ya sita akanisemesha kwa lugha yao, mimi nikamjibu kwa yetu, tukaelewana vizuri sana: akahama kiti. Kule nyuma wasichana wa ndege wakanipa pa kuegemea. Mmoja upindo wa sketi yake ulikuwa umefumuka. Nikamshonea. Nilikuwa na sindano? Sikuwa nayo, wamenipokonya getini. Wao ndio walikuwa nayo, kwenye kiboksi."

Bi Mafundo alicheka, na kicheko kikageuka katikati, ikabidi aondoe simu sikioni kidogo.

"Upo?" mama akauliza.

"Nipo."

"Ya kurudi uje unichukue wewe. Mimi sitakwenda msalani mara kumi na moja tena katika uhai wangu."

Jumatatu Bi Mafundo alikwenda kwa daktari akiwa na karatasi mbili, yake na nakala ya ratiba. Aliziweka mezani moja kando ya nyingine. Daktari alizisoma zote, akarudia ya pili.

"Ungenionyesha hii, nisingetia sahihi."

"Najua."

"Na angebaki."

"Najua, daktari. Nimekuja ili ujue, siyo ili unisamehe."

Daktari akazitia zote mbili kwenye faili la mama. "Kurudi, awe na mtu. Mtu wa kumwinua kila baada ya saa moja, apende asipende." Akamwandikia barua nyingine, ya kueleza hivyo, akaipiga muhuri.

Barua hiyo Bi Mafundo aliiambatanisha na fomu mpya. Fomu ilikuwa ileile, na kisanduku kilekile: eleza sababu zitakazomfanya mwombaji arudi. Mara ya kwanza aliandika kazi, na miaka yake ishirini na sita, na barua ya mwenye ofisi. Safari hii aliandika mstari mmoja: nakwenda kumchukua mama yangu, tunarudi pamoja, ana kitenge cha mteja hakijatiwa vifungo. Bwana Mizigo aliisoma juu ya bega lake, akamwambia afute hayo ya kitenge, watu wa ubalozi hawana ucheshi. Hakuyafuta. Ilikuwa kweli, na pengine ilikuwa sababu yenye nguvu kuliko zote. Majibu yalikuwa hayajaja.

Jioni hiyo, kwenye cherehani ya mama, alitafuta kigurudumu cha uzi mwekundu. Alisokota kipande mara tatu, akapima sentimita mbili, akakiunga mwanzoni mwa uzi wake, kabla ya fundo la kwanza. Kesho yake Bwana Mizigo aliuona, na saa ya chai akasema kwamba mpishi ameonja.

Wiki iliyofuata mzee mchonga mihuri akaja tena, kofia mkononi. Safari hii alikubali kiti.

"Nimekuja na swali lilelile, mwanangu. Siku hizi nasahau."

Bi Mafundo akauweka mwanzo wa ule uzi mwekundu kwenye uwanja wa kuondokea, akauvuta, akahesabu. "Masaa kumi, mzee wangu."

"Kumi? Siku ile ulisema tisa."

"Nilisema tisa. Hii nyekundu sikuwa nayo."

"Nyekundu ni ya nini?"

"Ya mlangoni. Muda ambao umeshaingia, umeshafungwa mkanda, na bado hujaondoka."

Mzee akainama, akaishika ile sehemu nyekundu kati ya vidole viwili vyenye wino, akaipima kwa macho kama anavyopima mpira wa kuchonga mihuri.

"Basi labda mwanangu yuko hapa," akasema. "Labda ndiyo maana amechelewa."